Dohani ya katikati ya nyumba, ya ukuta wa nje, au bomba la chuma? Angalia kwanza hewa itaingilia wapi

Moshi ukirudi sebuleni, anayelaumiwa kwanza ni dohani. Mwenye nyumba huongeza mita moja ya bomba, hubadilisha kofia, humwita fundi mwashi arudie plasta ya ndani, na jioni macho yanawasha vilevile. Mara nyingi dohani haina kosa. Kilichobadilika ni nyumba. Madirisha ya mbao yaliyokuwa yakipitisha upepo yameng'olewa na kuwekwa ya aluminiamu yenye mpira. Dari ya mbao yenye nyufa imekuwa ya jipsamu, na jikoni kumefungwa feni. Dohani iliyofanya kazi miaka ishirini sasa inakosa pumzi.

Hapa tunalinganisha aina tatu za dohani kwa nyumba za nyanda za juu zenye baridi: Njombe, Makete, Mufindi, Lushoto, Limuru, Nyandarua na kwingineko ambako kuni huwashwa ndani kwa kupika na kwa kuota pia. Bei ya matofali na bati inatofautiana kila wilaya, kwa hiyo hatuigusi. Tunaangalia jambo ambalo halitofautiani: mgandamizo wa hewa ndani ya nyumba, na nguvu iliyonayo kila dohani ya kuushinda.

Anayesukuma yuko nje

Tunasema dohani "inavuta", na neno hilo tutalitumia, lakini dohani yenyewe haivuti kitu. Hewa baridi ya nje ni nzito, hewa moto iliyo ndani ya dohani ni nyepesi. Ile nzito hupenya kwenye mianya ya milango na madirisha, hufika kwenye moto, na kuinyanyua ile nyepesi hadi juu ya paa, kama maji yanavyonyanyua boya. Ikikosa pa kuingilia, hakuna wa kusukuma, hata dohani iwe ndefu kama mkaratusi.

Nguvu zenyewe ni ndogo mno. Hupimwa kwa paskali, na paskali 1 ni sawa na mgandamizo wa maji yenye kina cha sehemu ya kumi ya milimita. Dohani ya nyumba ya kawaida hufanya kazi kwa paskali 6 hadi 16 tu. Upepo wa kawaida wa jioni au feni moja ya jikoni vina uwezo wa kuzifuta zote.

Mwinuko nao una kodi yake. Karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa au Dar es Salaam. Hewa ikiwa nyepesi, kila mita ya dohani hutoa nguvu iliyopungua kwa moja ya tano. Anayenakili vipimo vya meko kutoka nchi ya tambarare bila kuongeza kitu anaanza na deni.

Jedwali hili limekokotolewa kwa mwinuko wa mita 2,000, nje kukiwa na nyuzi 10 za sentigredi. Meko ya wazi yana mdomo wa sentimita 75 kwa 60. Jiko lililofungwa linaunguza kilo 2 hivi za kuni kwa saa.

| | Matofali, katikati ya nyumba, meko ya wazi | Matofali, ukuta wa nje, meko ya wazi | Bomba la chuma, jiko lililofungwa |
|---|---|---|---|
| Joto la wastani ndani ya dohani | nyuzi 80 | nyuzi 50 | nyuzi 200 |
| Mvuto kwa kila mita | paskali 1.9 | paskali 1.2 | paskali 3.9 |
| Urefu | mita 5 | mita 5 | mita 4 |
| Mvuto wote | 9 hadi 10 | 6 | 15 hadi 16 |
| Mvuto alfajiri kabla ya kuwasha | karibu 1.7 | 0 | chini ya 1 |
| Hewa inayohitajika kwa saa | mita za ujazo 400 | mita za ujazo 400 | mita za ujazo 20 hadi 50 |
| Tundu la kuingiza hewa | sentimita za mraba 750 | sentimita za mraba 750 | sentimita za mraba 40 hadi 95 |

Mistari miwili ya mwisho ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua.

Katikati ya nyumba au ukuta wa nje

Kwa macho, dohani hizi mbili ni ndugu. Matofali yaleyale ya kuchoma, urefu uleule, fundi yuleyule. Moja imepita katikati ya nyumba na kutokea karibu na kilele cha paa. Nyingine imeegemezwa nje ya ukuta wa mwisho, pande tatu zikipigwa na umande. Wengi huchagua ya nje kwa sababu hailazimishi kukata kenchi wala haili nafasi sebuleni.

Sasa tazama hesabu. Katika dohani ya sentimita 21 kwa 21, kupitisha mita za ujazo 400 kwa saa hula takriban paskali 7 kwenye koo, kuta na mdomo wa juu. Dohani ya ndani yenye paskali 9 au 10 inabakiwa na 2 au 3 za kulazimisha hewa ipite kwenye mianya ya nyumba. Ya nje ina 6 zote kwa pamoja. Haijavuta hewa yoyote kupitia ukuta, tayari imefilisika. Moshi unaotokea juu ya mdomo wa meko ni ule ambao dohani haikuwa na nguvu ya kuupokea.

Asubuhi tofauti inakuwa kubwa zaidi. Dohani ya ndani imelala ikipashwa na joto la nyumba. Kukiwa na nyuzi 8 nje na matofali yakiwa na nyuzi 18, tayari ina mvuto mdogo wa kwenda juu kabla hujawasha kiberiti. Ya nje ina baridi ya nje. Nyumba yenye joto, ikiwa na matundu ya hewa juu ya madirisha au upenyo darini, inakuwa yenyewe dohani: hewa moto inatoka juu, na hewa mbadala inatafutwa chini. Njia iliyo wazi kuliko zote ni ile dohani baridi. Hewa inateremka humo, inatoka mekoni ikinuka masizi, na anayewasha moto hapo anapuliziwa moshi usoni. Ukisikia harufu ya masizi sebuleni wakati moto umezimwa tangu jana, hiyo ndiyo sababu.

Kwa nyumba inayojengwa upya, chagua ya katikati. Hata ikibidi kuhamisha chumba. Dohani ya nje tunaipendekeza pale tu nyumba ilipokwisha kujengwa na kenchi haziguswi, na kwa masharti haya:

Eneo la tundu la dohani liwe moja ya nane ya eneo la mdomo wa meko, si moja ya kumi inayotosha kwa dohani ya ndani. Mdomo wa 75 kwa 60 ni sentimita za mraba 4,500. Moja ya kumi ni 450, yaani 21 kwa 21. Moja ya nane ni karibu 560, yaani 24 kwa 24. Kama dohani imekwisha jengwa na ni nyembamba, punguza mdomo badala ya kubomoa: shikilia kipande cha bati sehemu ya juu ya mdomo, kishushe polepole moto ukiwaka, uishie pale moshi unapoacha kutoka. Mara nyingi sentimita 8 hadi 12 zinatosha. Kisha funga bati la kudumu kwa kipimo hicho.

Jenga ukuta wa nje wa dohani kwa tofali nzima na si nusu tofali, na uache nafasi ya sentimita 5 kati yake na bomba la ndani. Ijaze changarawe nyepesi au majivu ya volkano kama yanapatikana kwenu. Kinachotafutwa ni moshi ufike juu ukiwa bado moto.

Kila alfajiri, pasha dohani kwanza. Kunja karatasi mbili za gazeti, ziwashe ukizishikilia kwenye koo la dohani kwa dakika moja, ndipo uwashe kuni. Ni kazi ya kila siku, na ni kero. Ndiyo gharama ya kudumu ya dohani ya nje, nayo haiandikwi kwenye makadirio ya fundi.

Bomba la chuma na jiko lililofungwa

Hapa mizani inabadilika. Jiko lenye mlango, au jiko la udongo lenye mdomo mdogo wa kuni kama lile liitwalo Lorena, halimezi hewa ya sebule nzima. Linachukua inayohitajiwa na kuni na ziada kidogo. Moshi hautiwi maji, kwa maana ya kuchanganywa na hewa baridi, kwa hiyo unapanda ukiwa na nyuzi 200 na bomba jembamba la sentimita 10 hadi 15 linatosha.

Meko ya wazi, tuseme kweli, ni pambo. Nyumba ya mita za mraba 40 yenye dari ya mita 2.7 ina hewa ya mita za ujazo 108. Meko yanayotoa 400 kwa saa yanaitupa hewa yote ya nyumba nje karibu mara nne kila saa, na kuingiza ya nyuzi 10 badala yake. Waliokaa mbele ya moto wanaungua magoti, waliolala vyumbani wanaongeza blanketi. Anayetaka joto anunue jiko lililofungwa. Anayetaka kutazama miali ya moto na wageni, hilo ni jambo jingine, lakini alipe na gharama ya tundu la hewa la sentimita 25 kwa 30.

Mambo yanayoharibu bomba la chuma ni machache, na yote yanajulikana.

Mita ya kwanza kutoka kwenye jiko isiwe ya bati la mabati. Zinki inayopakwa juu ya bati huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na sehemu hiyo hufika huko moto ukichochewa sana. Mvuke wake si wa kuvutwa na mtu. Tumia chuma cheusi cha milimita 1.5 hadi 2. Juu ya hapo bati la geji 24 au 26 linavumilia. Geji 30 na 32 za paa hutobolewa na asidi ya masizi mapema mno. Mabomba ya zamani ya asbesto yaache yalipo, usiyakate wala kuyatoboa.

Viungo vikabiliwe hivi: ncha nyembamba ya bomba la juu iingie ndani ya bomba la chini. Mafundi wengi hufanya kinyume kwa kudhani moshi utavuja. Moshi hauvuji bomba likivuta, ila viungo vikigeuzwa, lami ya kuni na maji ya mvua hutiririka nje na kuchora mistari myeusi ukutani.

Kona ya nyuzi 90 ni mwizi. Tumia mbili za nyuzi 45, na kipande cha kulala kisizidi mita moja.

Bomba la ukuta mmoja likae sentimita 45 mbali na mbao yoyote: papi, kenchi, fremu ya dari. Likipita kwenye dari, kata tundu pana, lizungushie bati, na usijaze mwanya huo kwa magunia wala povu ili "kuzuia baridi". Nyumba huungua kuanzia hapo.

Udhaifu wa bomba la chuma ni sehemu iliyo juu ya paa. Haina ngozi ya kuhifadhi joto, kwa hiyo moshi wa moto mdogo wa usiku hupoa haraka. Moshi ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi, mvuke wake huganda kuwa lami, hasa kuni zikiwa mbichi. Masizi yakifika unene wa milimita 3, safisha. Kwa jiko linalowaka kutwa, vaa bomba la juu koti la bati la pili lenye nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Kufunga dampa, yaani kile kibamba cha kubana njia ya moshi, usiku kucha ili kuni zidumu ndiko kunakotengeneza lami nyingi kuliko yote, na ndiko kunakoacha gesi ya kaboni monoksidi chumbani.

Hewa iingilie wapi

Dohani yoyote utakayochagua, lazima uchague na mlango wake wa hewa. Njia ziko tatu.

Dirisha kuachwa wazi kidogo ni bure na linafaa kwa majaribio. Baada ya hapo halitegemewi: mtu akihisi baridi analifunga, na saa anayolifunga ndiyo saa moto umepungua na dohani imedhoofika. Tena inategemea ni dirisha gani. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao ni wa kawaida tu, una mgandamizo wa paskali 12 hivi. Ukuta unaoupokea husukumwa kwa takriban paskali 7. Ukuta ulio nyuma yake hunyonywa kwa 3 au 4. Fungua dirisha la upande wa nyuma ya upepo na nyumba nzima inashuka paskali 3 au 4, zaidi ya zile 2 au 3 zilizokuwa zimebaki kwenye meko yako ya wazi. Umefungua dirisha ili kutoa moshi, moshi umeongezeka. Si uchawi. Fungua la upande wa upepo, ufunge la nyuma. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, miezi ya baridi kali Juni hadi Agosti ni miezi ya kusi, kwa hiyo upande wa kuanzia ni kusini-mashariki, isipokuwa mlima au msitu uugeuze upepo wenu.

Tundu la kudumu ukutani ndilo tunalolipendekeza kwa nyumba nyingi zilizokwisha kujengwa. Liwekwe sentimita 20 hadi 30 kutoka sakafuni, ukuta wa upande wa upepo, na karibu na jiko kadiri inavyowezekana ili hewa baridi isikatize miguuni pa watu. Lielekezwe kuteremka kidogo nje, maji ya mvua yasiingie. Kwa jiko lililofungwa, bomba la PVC la inchi 4 lililopitishwa ukutani hupitisha takriban mita za ujazo 40 kwa saa nyumba ikiwa imeshuka paskali 3 tu, na hiyo inatosha majiko mengi. Weka wavu wa matundu ya milimita 5 au 6 wa kuzuia panya. Wavu wa mbu huziba sehemu kubwa ya eneo na kujaa vumbi. Ukilazimika kuutumia, ongeza eneo la tundu kwa nusu yake na uufute kila mwezi.

Bomba la chini ya sakafu, linaloleta hewa ya nje hadi mbele ya jiko, ni bora kwa starehe kwa sababu baridi haipiti chumbani kabisa. Lakini lazima lizikwe kabla ya kumwaga zege, na lina masharti. Sentimita 50 za mwisho ziwe za chuma, kamwe PVC isiguse jiko. Litokee sentimita 20 au 30 mbele ya mdomo, lisiungwe moja kwa moja ndani ya meko ya wazi: upepo ukibadilika na kunyonya upande ule bomba lilikotokea, moto unaweza kupuliziwa kinyume, majivu yakaruka na gesi moto ikatafuta njia kwenye bomba la plastiki.

Na yale matundu ya juu ya madirisha ambayo karibu kila nyumba yetu inayo? Katika jiko lisilo na dohani ni mkombozi, yasizibwe. Penye dohani hugeuka washindani wake, kwa sababu usiku wa baridi yanatoa hewa moto juu na kuiachia dohani kazi ya kuivuta hewa peke yake kutoka chini. Usikimbilie kuyaziba yote. Weka kwanza tundu la chini lenye eneo linalolingana na mahitaji ya jiko, kisha ziba nusu ya yale ya juu katika chumba chenye moto, halafu pima. Upenyo darini, kwa mfano kifuniko cha kupandia darini kisichokaa vizuri, huo uzibwe kabisa.

Juu ya paa

Kanuni ya urefu ni fupi: dohani ipite paa kwa angalau sentimita 90 pale inapotokea, na iwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, kiwe kilele cha paa au tangi la maji. Ya ukuta wa nje kwenye paa la mteremko mkali huhitaji bomba refu hewani ili kutimiza hili, na bomba hilo refu linapoa. Sababu nyingine ya kupendelea katikati.

Kofia nayo huua dohani nyingi. Nafasi kati ya ncha ya bomba na kofia ikiwa robo ya kipenyo, eneo la kutokea linakuwa sawa na eneo la bomba, lakini masizi yakikaa kidogo tu imekwisha. Acha nusu ya kipenyo au zaidi. Bomba la sentimita 15 lipewe 8 hadi 10. Kofia za kuzunguka kwa upepo zina maana pale upepo unapoteremka kutoka kilima kilicho nyuma ya nyumba, jambo la kawaida Lushoto na Makete. Kwingine ni urembo, na hazitibu nyumba inayokosa hewa.

Feni ya jikoni

Nyumba mpya zinazidi kuwa na jiko la gesi lenye feni ya kufyonza mvuke, na sebule yenye meko, vyote ndani ya ukuta mmoja. Chukua nyumba ambayo mianya yake yote ikijumlishwa ni sentimita za mraba 200. Feni inayotoa kweli mita za ujazo 300 kwa saa, nyingi huandikwa zaidi ya hapo kwenye boksi, itaishusha nyumba hiyo kwa takriban paskali 23. Bomba la chuma lenye mvuto wa 16 limeshindwa, meko ya wazi yameshindwa mara mbili. Hewa itateremka kwenye dohani na kupita kwenye makaa kuja kwenye feni.

Ujerumani, ambako kuna jamaa wengi wanaoshangaa kukuta msafishaji dohani ana mamlaka ya kuwazuia kutumia jiko, kikomo kinachokubaliwa pale feni na jiko la kuni vinapotumika pamoja ni paskali 4. Suluhisho la kawaida huko ni swichi ya dirisha: feni haiwaki mpaka dirisha lifunguliwe. Wazo hilo linaigika hapa kwa swichi ndogo ya mlangoni na fundi umeme mmoja. Kama haiwezekani, chagua: ama feni inayochuja hewa na kuirudisha ndani bila kuitupa nje, ama kupika kwa feni kusiwe wakati mmoja na kuota moto.

Feni ya kuwekwa juu ya dohani yenyewe, inayonyonya moshi, huponya dohani fupi. Haiponyi nyumba iliyobana, na umeme ukikatika moto ukiwa mkubwa unabaki na tatizo la awali pamoja na feni iliyoungua. Hatuipendekezi majumbani.

Kipimo cha udi

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili jioni yenye baridi, upepo ukiwa umetulia. Vifaa ni kijiti cha udi, rula na mtu wa kukusaidia.

Funga milango na madirisha yote ya nje kama mnavyofunga mkilala. Moto ukiwa bado haujawashwa, shika udi kwenye mdomo wa jiko. Moshi ukiingia ndani ya jiko, dohani ina mvuto wa awali. Ukirudi chumbani, nyumba inaishinda dohani.

Washa moto, subiri dakika 20. Jiko likitoa moshi chumbani, mwambie msaidizi afungue dirisha la upande wa upepo sentimita 2, kisha 4, kisha 6, mkipumzika dakika mbili kila hatua. Moshi ukikoma, tatizo ni hewa, na umepata jibu pamoja na kipimo chake: dirisha lenye kimo cha sentimita 60 lililofunguliwa sentimita 4 ni sentimita za mraba 240, na hilo ndilo tundu unalohitaji. Moshi usipokoma hata dirisha likiwa wazi kabisa, hewa si tatizo. Hapo ndipo utafute masizi, kiota cha ndege, kona nyingi, kofia iliyoshuka, au mdomo wa meko uliozidi dohani yake.

Mwisho pita na udi kwenye kila tundu la juu na kifuniko cha dari. Unapouona moshi ukinyonywa juu kwa kasi, umemwona mshindani wa dohani yako.

Jiko la mkaa lisilo na dohani haliingii katika ulinganisho huu. Kulileta chumbani na kufunga madirisha ili kupasha kitanda huua watu kila msimu wa baridi, na hakuna tundu la kukadiria kwa macho linalolifanya kuwa salama. Penye jiko la kuni ndani ya nyumba ya kulala, weka king'ora cha kaboni monoksidi chumba hicho na kingine karibu na vyumba vya kulala.

Siku fundi anapokabidhi kazi, rudia jaribio mbele yake: madirisha yote yamefungwa, feni ya jikoni na ya bafuni zinazunguka kwa kasi ya juu, moto umewaka nusu saa. Moshi wa udi ukirudi chumbani, salio lisubiri. Mpe tindo akapanue tundu.